Kanuni ya Mtoto Aliyezidi

Ninyi wawili mliorithi filimbi yangu na mwavuli wangu mkubwa mmeniomba niwaeleze kazi. Nimeona kuongea hakutoshi, maana nikiongea naleta mzaha, na mzaha mtaukumbuka kuliko kazi yenyewe. Basi naandika. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, kule Karagwe nilikokulia, na kurasa hizi nimeziandika kwa mkono wangu mwenyewe. Wapo wenye vyeti ukutani ambao hawajawahi kuwaandikia mama zao barua. Aliyestaafu hasa ni goti langu, mimi nimelifuata. Ngazi za mtaa huu wa Kimisagara zimelimaliza.

Jambo la kwanza: hii ni kazi ya woga. Mtu akiwaambia ni kazi ya kupeleka ujumbe wa walimu kwa wazazi, mwitikieni vizuri, lakini mjue hajawahi kuifanya mvua ikinyesha.

Nilianza kama zamu, mlinzi wa geti. Wiki yangu ya pili kulikuwa na mkutano wa wazazi. Diregiteri, ndivyo tulivyomwita mkuu wa shule, aliazima viti kanisani akavipanga kwa mistari kama arusi. Walikaa kina mama wachache mbele, viti vingine vikabaki vinatazamana na ubao. Jioni akasema kwa uchungu, "Wazazi wa bonde hili hawajali."

Mimi nilikuwa getini, nimeona. Walikuja. Walikuja wameoga, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Walifika getini, wakasikia Kiingereza kikitoka ofisini, wakainama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba, wakaondoka. Baba mmoja muuza parachichi alipita mara tatu.

"Zamu, bado hawajaanza?"

"Wameanza, muzehe. Ingia."

"Aa, kama wameanza nitakuwa nimechelewa. Acha nitarudi siku wasipoanza."

Sikucheka. Mtu aliyeacha shule mdogo, akinusa chaki anatoka jasho hata akiwa na nyumba ya ghorofa. Nalijua hilo jasho. Nilikaa na neno lile siku mbili, kisha nikaenda kwa Madamu Vestine, mwalimu wa darasa la kwanza, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa akinisalimia kwa jina. Nikamwambia, "Madamu, wazazi wanakuja. Wanaishia kwangu."

Alikuwa mfupi, na mkoba wake mdogo ulikuwa na sindano, kipande cha sabuni na vipande vya penseli. Aliniangalia juu chini. "Kalisa, wewe umeona mlango ambao sisi hatuuoni. Wao wakishindwa kuingia, tutatoka sisi. Kesho mchana utanisindikiza."

Hivyo ndivyo zamu alivyokuwa mtu wa wazazi. Sikuomba. Nilionekana.

Madamu alinifundisha kama alivyofundisha watoto wake, kwa kurudia. Usiingie kwa watu na karatasi mkononi. Karatasi mkononi ni kesi. Kaa unapoonyeshwa, hata ukionyeshwa jerikani. Kunywa unachopewa. Anza na jambo zuri alilofanya mtoto, na liwe la kweli, maana mzazi ananusa uongo kabla hujafunga mdomo. Na mwisho, usitoke kabla ya kuuliza: huyu mtoto anatoka shule na nani, na anapokelewa na nani?

"Kwa nini hilo, Madamu? Si liko kwenye rejesta?"

"Rejesta yetu haisemi kitu. Wewe na dada yako mna jina moja?"

Hatuna. Kwetu kila mtoto anapewa jina lake. Watano wa tumbo moja wana majina matano, na la baba huenda halimo hata moja. Ukisoma rejesta, ndugu wanakaa mbalimbali kama abiria wasiojuana. Nilisema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kweli, ila kuelewa si kushika.

Nitawapa ziara moja muione. Fundi ujenzi mmoja, mkubwa kama mlango, alituona tukiingia uani kwake, akasimama kabla hatujasalimia.

"Amefanya nini? Nimpige sasa au mkishaondoka?"

Mimi tayari nilikuwa nageuka kutafuta njia. Madamu akakaa kwenye tofali. "Amejifunza kusoma jina lako. Tumekuja ulisikie."

Akatoa kipande cha penseli, akaandika jina la yule baba kwenye kipande cha boksi, mtoto akalisoma herufi kwa herufi mpaka likatoka zima. Baba akasema anakwenda kuangalia maji kama yamekuja. Bombani kwake hapakuwa na maji wiki nzima, tuliambiwa na mkewe. Alikaa huko muda. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akaniambia mimi, si Madamu, "Vumbi la saruji." Tangu siku hiyo hakukosa mkutano, na akikuta mwenzake anainama getini kufunga viatu, alimshika bega akamwingiza.

Sasa tufike kwenye mvua.

Kila mwezi wa nne, mvua zikianza, watoto walipungua madarasani. Walimu waliandika "uvivu". Niliwaambia haiwezekani uvivu uanze na mawingu. Nikazunguka mimi na Madamu nyumba za ng'ambo ya ruhurura. Kama mnatoka mbali na hapa: ruhurura ni mfereji mkubwa wa kuta za mawe unaopokea maji ya vilima vyote. Wakati wa kiangazi mbuzi wanalala humo. Mvua ikipiga nusu saa, unajaa, na sauti yake si ya maji, ni ya mawe yanayobiringishwa chini. Wazazi walituambia kila nyumba jambo lilelile: afadhali mtoto asiyejua hesabu kuliko mtoto ambaye hatarudi. Utamjibu nini mtu wa namna hiyo?

Jibu nililitoa mimi, na sioni haya kulisema. Jumamosi ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa mzima, tulipomaliza kuzibua mitaro na watu wamekaa kwenye nyasi kusikiliza viongozi, nilisimama na jembe langu. Nikasema: upande huu wa shule kuna nyumba zenye paa zima. Mvua ikija, mtoto wa ng'ambo asivuke. Aingie kwenye nyumba aliyopangiwa, akae, afanye kazi ya shule humohumo mpaka maji yashuke. Walimu watoe vitabu, nyumba zitoe nafasi.

Wa kwanza kukubali alikuwa Hajati Zuhura, fundi cherehani, Mwislamu wa familia ya zamani ya wafanyabiashara, ulimi wake mkali kuliko mkasi wake. "Mimi nitachukua wadogo. Lakini Kalisa, wakinigusia vitambaa vya watu kwa mikono ya maembe, nitakushona wewe." Wa pili alikuwa Kazungu, mchomeleaji wa magrili ya madirisha, karakana yake iko karibu na daraja dogo la miguu. Alichukua wakubwa, na akachora mstari mwekundu kwenye ukuta wa ruhurura: maji yakifika hapo, havuki mtu. Nyumba nyingine zikafuata.

Tuliweka kanuni. Kila nyumba inahesabu watoto wanapoingia. Akipungua mmoja, mwenye nyumba anatuma mtu mbio shuleni, mvua au si mvua. Mimi niliweka daftari langu la michoro, kwa sababu kuandika kunanichelewesha: cherehani ni kwa Hajati, grili ni kwa Kazungu, na vijiti vya kuhesabia pembeni. Madamu alilitazama akasema limezidi rejesta. Niliyaamini maneno yale zaidi ya alivyokusudia.

Na ilifanya kazi. Watoto walisoma kwenye meza ya kukatia vitambaa, Hajati akisikiliza huku akizungusha cherehani, na mtoto akikosea neno, mguu wake ulisimama. Kazungu alifundisha pembe za hesabu kwa vyuma vilivyokatwa. Mwezi wa nne ule madarasa hayakupungua. Walimu wa shule nyingine, ya Kagarama, wakaja kujifunza kwangu. Kwangu mimi.

Siku waliyokuja ndiyo siku ninayotaka kuwaambia.

Wiki mbili kabla yake, mama mmoja alikuwa amehamia ng'ambo ya ruhurura kutoka Ndera, anafulia watu nguo. Alileta watoto wawili. Ineza, msichana wa miaka kumi na mmoja, darasa la tano. Gisa, mvulana wa miaka sita, darasa la kwanza. Aliwaandikisha kila mmoja kwa mwalimu wake. Mimi nilipata majina mawili katika orodha mbili. Sikwenda kwao. Sikuuliza swali la Madamu. Nilikuwa na wageni wa kuandalia maelezo, na nilikuwa na sifa, na sifa inachukua nafasi kubwa kichwani. Nikamchorea Gisa cherehani, Ineza nikamchorea grili. Mdogo kwa wadogo, mkubwa kwa wakubwa. Nani angepanga vizuri zaidi?

Mawingu yalishuka mchana wageni wakiwa bado uwanjani. Nikapuliza filimbi, watoto wakajipanga, nikawa nawaeleza wageni kwa mkono mmoja na kuelekeza kwa mkono mwingine. Wadogo waliondoka kwanza na Hajati. Wakubwa wakafuata na Kazungu. Wageni walipiga makofi, jamani. Walipiga makofi.

Kile ambacho sikukijua ni hiki: kila siku Ineza alimchukua Gisa chini ya mlingoti wa bendera. Mama yake alikuwa amemwambia neno moja tu kuhusu mji huu: usimwache ndugu yako karibu na yale maji. Siku hiyo alifika mlingotini, Gisa hayupo. Hakuna aliyemwambia amekwenda wapi, kwa sababu hakuna aliyejua kuwa ni wake.

Mvua ilipokuwa kama inamwagwa na mtu mwenye hasira, Kazungu mwenyewe aliingia getini, hakutuma mtu. Maji yalimtiririka puani.

"Kalisa, nilipewa kumi na mmoja. Niko na kumi."

"Hesabu tena."

"Nimehesabu mara tatu, sha! Hata paka nimemuhesabu. Yule musichana mupya hayuko. Wenzake wanasema alikuwa anauliza kadogo kake, halafu akachomoka. Alienda chini."

"Kadogo gani? Hana mdogo huyo."

Madamu Vestine alikuwa nyuma yangu. Alifungua rejesta ya darasa lake, akaweka kidole kwenye jina la Gisa, akanitazama. Sikuwahi kutazamwa vile na mtu, na natumaini hamtatazamwa.

Nilikimbia. Goti hili wakati huo bado lilikuwa goti. Nilishuka ngazi nikipiga filimbi kama mwendawazimu, kana kwamba mtoto ni mpira uliotoka nje. Ruhurura ilikuwa imepita mstari mwekundu. Daraja lilitetemeka, na maji ya rangi ya matofali yalibeba beseni, mgomba mzima, kiti cha plastiki kimekaa wima kama kina mtu. Mawe yalinguruma chini mpaka meno yangu yakayasikia.

Halafu nikaona kitu cha buluu.

Sweta za shule yetu ni za buluu. Kilikuja kinazunguka, kikazama, kikainuka, na kilikuwa na umbo la mgongo. Nawaambia ukweli, mimi ninayejisifu mbele ya kila mtu: miguu yangu haikusogea. Nilisimama. Kazungu ndiye aliyelala kifudifudi ukingoni na fimbo ya chuma yenye kulabu, mwenzake amemkalia miguu, akakivuta. Ilikuwa shitingi, kipande cha turubai la kuezekea. Kazungu akaitupa kando, akaanza kutapika.

Nilipoinua macho, mama alikuwa ng'ambo.

Alikuwa amekuja bila mwavuli, mikono bado ina povu la kufulia. Kati yetu palikuwa na hatua kumi, labda kumi na mbili, lakini kwa ule mngurumo ungeweza kumpigia mtu kelele sikioni asikusikie. Akanitambua kwa filimbi na mwavuli. Akainua mkono. Vidole viwili. Akaelekeza shuleni, akainua tena viwili. Wangu wawili wako?

Mmoja nilijua yuko kwa Hajati. Nikainua kidole kimoja. Nikamwona uso. Nikainua cha pili.

Alikaa chini kwenye matope. Mimi nikamwambia Mungu maneno ambayo hayaandikiki.

Sikumbuki vizuri dakika zilizofuata. Tulichungulia chini ya daraja, tukafungua choo cha mtu, tukainua mabati. Kazungu alikwenda chini na vijana wake kufuata maji, na kila aliposimama kuangalia kitu, moyo wangu nao ulisimama. Nilifikiri: maji yatashuka, mama huyu atavuka, atafungua mikono miwili. Wa pili nitampa nini?

Mvua ilipopungua, nilipanda kwa Hajati kumchukua Gisa. Nilitaka angalau awe mkononi mwangu mama akifika. Nilisukuma mlango. Watoto walikuwa wamekaa chini ya meza ya kukatia, wamejifunika khanga, wana vikombe vya chai. Katikati yao, sweta imeanikwa kwenye cherehani, alikuwa Ineza. Gisa amelala mapajani pake. Alikuwa akiwasomea.

"Hajati," nikasema. "Hajati, huyu ameingia saa ngapi?"

"Huyu? Muda mrefu. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba amelowa, anamuulizia mdogo wake. Nikamwambia ingia, huyu hapa."

"Na wewe ulipewa watoto tisa!"

"Nilipewa tisa, niko na kumi. Sasa?"

"Sasa kwa nini hukutuma mtu?"

Aliweka mkasi chini. "Kalisa, mmetuambia tuseme akipungua mtoto. Akizidi, tuseme nini? Mtoto amekuja kujikinga mvua, nimtangaze kama mwizi? Kwetu anayeingia kwa mvua hahesabiwi. Anapewa chai."

Nilikaa kwenye marobota ya vitambaa vya watu, na maji yangu yote, na hakunikemea. Hakuna kati yetu, si walimu, si wazazi, si mimi mwenye daftari, aliyewaza kanuni ya mtoto aliyezidi. Kuzidi mtoto kwetu ni baraka. Nani anatoa taarifa ya baraka? Na kumbe aliyezidi kwa mmoja ndiye aliyepungua kwa mwingine, na kati ya nyumba hizo mbili kulikuwa na ngazi arobaini tu.

Maji yaliposhuka, mama alivuka. Aliwashika watoto vichwa, masikio, mabega, kama anayechagua nyanya, kisha akawageukia walimu akashukuru. Ningeweza kunyamaza. Kila mtu alikuwa anacheka na kulia. Lakini Madamu alikuwa bado hajanisemesha, nikaona nikinyamaza hatanisemesha kamwe. Nikamvuta mama kando.

"Mama Ineza, nilipoinua vidole viwili, sikuwa najua. Nilijua mmoja."

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje? Si ulikaa chini ukapumzika?"

"Nilikaa kwa sababu magoti ilikataa. Kidole ya pili ulichelewesha."

Aliwachukua watoto wake akaenda. Kesho yake hawakuja. Keshokutwa hawakuja. Siku ya tatu Madamu alifungua mkoba wake, akaufunga, akasema, "Twende," na hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu.

Tulikuta amefua, kamba zimejaa shuka za watu. Nilikaa kwenye jerikani. Nilisema nitabadilisha orodha, nitatembelea kila nyumba, nitauliza kila mtoto anarudi na nani, na nyumba itatuma habari akipungua na akizidi. Alisikiliza mpaka mwisho, anakamua shuka.

"Hiyo ni ya daftari," akasema. "Mimi nauliza ya mukono. Siku ingine maji ikijaa, na wewe hujui mutoto wangu iko wapi, utanionyesha nini?"

Miaka yote hiyo, na sikuwa na alama ya kusema sijui. Nikajaribu. Nikaweka mikono juu ya kichwa.

"Oya!" akapiga kelele, hata Madamu akashtuka. "Usiniwekee mikono kichwani. Hiyo ni ya musiba. Ukinionyesha hiyo nitaingia kwa maji." Akaweka shuka begani, akafikiri. Kisha akaweka kiganja chake kifuani, akakiacha hapo. "Hii. Ukiweka hivi nitajua hujui, na nitajua unatafuta."

"Na wewe utakaa chini?"

"Mimi nitasimama. Lakini usinidanganye tena."

Tukakubaliana. Jumatatu watoto walikuja shuleni, wote wawili kwa mchoro mmoja. Madamu akawafundisha wazazi wa ng'ambo alama ile, nyumba kwa nyumba, na watoto wakaichukua kama mchezo.

Orodha nawaachieni, iko safi, mtaizoea kwa wiki. Mwavuli una ubavu mmoja mbovu, mpelekeeni Kazungu aukaze. Ila mkono huo ufanyieni mazoezi. Mtauona ni mwepesi mkiwa mmekaa hapa mnasoma. Mimi niliutumia mara ya kwanza mwaka uliofuata, maji yamepita mstari, kundi moja halijafika kwa Kazungu, na mama yule yule ng'ambo ameinua vidole viwili. Vidole vyangu vilitaka kuinuka. Vilikuwa vimeshaanza kukunjuka. Nikaviweka kifuani, nikauhisi moyo ukigonga kiganja kama mtu aliyefungiwa ndani.

Naye akaweka mkono wake kifuani. Alibaki amesimama. Nikamgeuzia mgongo, nikaenda kutafuta.